Rivolva Haijapitwa na Wakati

Wapo wanaodai kwamba rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka, ni kitu cha makumbusho, na kwamba anayetaka kushindana katika kulenga shabaha achague bastola ya nusu-otomatiki tu. Dai hilo nalipinga, kwa sababu linatoa jibu kabla ya kuuliza swali: shindano lipi?

Nakubali pale panapostahili. Katika mchezo wa Olimpiki wa bastola ya kasi, mlengaji hupiga shabaha tano, risasi moja kwa kila shabaha, kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Nusu-otomatiki hujiandaa yenyewe baada ya kila risasi, hivyo rivolva haina nafasi hapo.

Lakini kanuni za shirikisho la kimataifa, ISSF, zina shindano jingine la mita 25, la bastola za kaliba ya milimita 7.62 hadi 9.65. Sehemu ya kwanza hutoa dakika 5 kwa risasi 5. Katika sehemu ya pili, shabaha huonekana kwa sekunde 3 na kufichwa kwa sekunde 7, na kila ionekanapo hupigwa risasi moja tu. Sekunde 7 zinatosha kabisa kuvuta nyundo ya rivolva kwa kidole gumba. Basi, hapo nusu-otomatiki inamzidi nini mwenzake?

Tena kuna suala la usalama, ambalo wapenda kasi hawalitaji. Silinda ya rivolva ikifunguliwa, matundu yote huonekana, na hata mgeni anajua kama kuna risasi. Nusu-otomatiki ikitolewa magazini, risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, na anayeanza kujifunza akadhani bastola ni tupu. Kosa hilo huua.

Sisemi ya kale ni dhahabu. Nasema anayeanza ajifunze kwanza kutulia, kulenga na kuvuta triga polepole, kisha achague silaha kulingana na shindano lake. Károly Takács wa Hungaria aliumizwa vibaya mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, akatwaa dhahabu ya bastola ya kasi London mwaka 1948 na Helsinki mwaka 1952. Wanaobishana kuhusu bastola wangeanza kwa kuuliza mkono wa mlengaji umefunzwa vipi.