Wanabaki na Mchanga Wetu

Wasee wa gitaa wa Migori na Homa Bay, leo sibembelezi mtu. Kama una gitaa, una mbogi yako ya kupiga nayo, na bado kila wimbo unakimbilia studio ya mjini kulipia kwa saa, basi unafanyiwa kile wachimbaji wa Osiri wanafanyiwa kila siku. Tofauti ni kwamba wao wanajua. Wewe unapiga selfi na kusema asante.

Kwa wale hawajawahi kufika machimboni: msee anatoka shimoni na magunia yake ya mawe, anayapeleka kwa mwenye karasha. Mawe yanasagwa, unga unaoshwa, zebaki inanasa dhahabu kiasi. Mchimbaji anachukua hiyo kiasi, anaenda zake. Na ule mchanga uliobaki? Unabaki kwa mwenye mashine. Manze, mchanga huo bado una dhahabu ndani. Baadaye unatiwa sayanidi, na ile dhahabu zebaki ilishindwa kunasa inatoka. Jasho la mmoja, mavuno ya mwingine.

Sasa angalia studio. Unaingia na wimbo umeutunga mwenyewe, solo umeifanyia mazoezi miezi mitatu. Unatoka na faili moja ya MP3 kwa WhatsApp. Traki zenyewe, yaani solo peke yake, rithimu peke yake, besi peke yake, sauti peke yake, zinabaki kwa kompyuta ya mtu. Huo ndio mchanga. Mbogi yetu iliwahi kurudi kuomba traki zetu kwa studio moja, tukaambiwa kompyuta ilifomatiwa. Wimbo hauwezi kumiksiwa upya tena. Umekufa hivyo hivyo, na besi yake ya kukohoa.

Dawa ipo na si ya miujiza: rekoda ndogo ya traki nyingi. Kuna Zoom R8 yenye traki 8, kuna Tascam DP-006 yenye traki 6. Zote zinabebeka kwa begi la shule na zinatumia betri nne ndogo za kawaida, zile za rimoti. Unarekodi gitaa la kwanza, unarudisha mwanzo, unavaa hedifoni, unapiga la pili juu yake. Kila kitu kinaingia kwa memori kadi, kila chombo na traki yake. Kadi ni yako. Mfuko ni wako.

Najua mtasema ni kichezeo. Buda, tulia. Mwaka wa 1979 kampuni hiyo hiyo ya Tascam ilitoa mashine ya traki 4 ya kutumia kaseti ya kawaida, Portastudio 144. Bruce Springsteen akaitumia nyumbani kwake New Jersey kurekodi nyimbo ambazo zilikuwa ziwe mfano tu wa kuonyesha bendi. Bendi ikajaribu kuzirekodi upya studioni, lakini mwishowe kilichotolewa mwaka wa 1982 kama albamu ya Nebraska ni ile ile kaseti ya nyumbani. Huyo alikuwa na uwezo wa kulipia studio yoyote duniani. Wewe unaogopa traki 8?

Na traki 8 zinatosha benga kabisa. Nyatiti yenyewe ina nyuzi nane, na mpigaji mmoja anapata humo sauti ya juu, ya chini, na mdundo wa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu. Wazee walichukua mchezo huo wakauhamishia kwa gitaa. Hesabu: solo, rithimu, besi, ngoma traki mbili, sauti ya mbele, waitikiaji. Hizo ni saba. Umebaki na moja ya fujo zako.

Halafu kuna hili linaloniuma zaidi. Ukienda studio ya kulipia kwa saa, prodyuza anaangalia saa. Anakwambia, "Wacha hiyo gitaa, nitaiweka na kinanda." Anakupa biti alilouzia watu wengine sita. Ile sehemu ambapo waimbaji wananyamaza, solo inapanda na besi inajibu, ile inayofanya shosho aache jiko aje kucheza, inakatwa kwa sababu "inachukua muda". Manze, hiyo ndiyo benga yenyewe! Wazee kama D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati ng'ambo tu ya mpaka wetu, na Collela Mazee na Ochieng Nelly wa Victoria Jazz hawakujulikana kwa sababu ya kinanda. Phares Oluoch Kanindo alisambaza santuri za benga mpaka Zimbabwe, na huko watu wakaita muziki wenyewe "kanindo". Angalia vizuri hapo: jina lililobaki ni la msambazaji, si la mpiga gitaa.

Sheria nayo haijalala. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema mwenye rekodi ya sauti ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Ulinzi wake ni miaka 50. Utunzi ni haki nyingine, na hiyo ni yako ukitunga. Lakini rekodi? Kama hamkuandikiana chochote studioni na hata risiti huna, jiandae kubishana. Ukirekodi kwa chumba chako, kwa mashine yako, kwa betri ulizonunua mwenyewe, nani atakuja kudai alipanga?

"Simu si inatosha?" Kuhifadhi wazo, ndiyo. Lakini jaribu kupanga gitaa tatu kwa Android ya kawaida uone vile sauti inachelewa kufika sikioni, halafu katikati ya solo bora ya maisha yako mtu anapiga anauliza kama umekula. "Laptopu je?" Ni nzuri sana kumiksi. Ila stima ikipotea betri iliyochoka inazima, na bado utahitaji kifaa kingine cha kuchomekea gitaa.

Sisemi prodyuza afukuzwe. Msee anayejua kumiksi anastahili kulipwa vizuri. Nasema tubadilishe nani anashika nini. Rekodi nyumbani, toa traki zako za WAV kwa waya wa USB, mpelekee nakala amiksi. Akiharibu, unampelekea mwingine. Mchanga haujatoka kwako.

Bei? Si ya mchezo, sidanganyi. Lakini mbogi ya watu wanne inayochanga pesa za studio inaweza kuchanga za rekoda, chama ya kawaida tu. Tafuteni hata iliyotumika, mkague kama swichi na matundu ya waya yanafanya kazi.

Na mkiipata, fanyeni hivi. Rekodini usiku, karasha zikinyamaza, na msijaribu mvua ikinyesha kwa mabati. Tandikeni blanketi na magodoro kwa ukuta. Wekeni sauti ya kuingia chini kidogo, kwa sababu ikipasuka haitibiki. Pigeni na metronomu. Kila wimbo ukiisha, nakili kadi mara mbili, weka nakala moja kwa nyumba nyingine.

Hawa vijana wa Osiri hawana uwezo wa kununua karasha. Wewe karasha yako inaingia kwa begi. Sasa ukiendelea kuacha mchanga kwa watu, usije hapa kulia vile benga inakufa.