Insha Isiyo na Msomaji: Funzo kutoka Milima ya Upare

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha Kiswahili katika shule zetu ataitambua picha hii. Kipindi cha insha kimewadia. Mwalimu anaandika ubaoni kichwa cha habari, "Safari Yangu" au "Siku ya Soko", kisha anaketi. Watoto wanaandika kwa dakika 40. Madaftari yanakusanywa, yanasahihishwa kwa wino mwekundu, yanarudishwa pamoja na alama, na insha ile inakufa papo hapo. Hakuna aliyeisoma ili ajue jambo. Aliyeisoma aliisoma ili ahesabu makosa. Juma linalofuata kinaandikwa kichwa kingine, na mambo yanakwenda vile vile.

Sisi tunaofundisha walimu tumeitazama hali hii kwa muda mrefu, tukiwafuata wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, kutoka shule za tambarare kando ya reli na barabara kuu pale Same, hadi shule za juu milimani, Mbaga, Gonja na Chome. Maoni yetu ni haya: watoto wetu hawachukii kuandika. Wanalolichukia ni kumwandikia mtu asiye na haja ya kujua wanalosema. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kazi ya uandishi inavyofanyika hasa, kwa mfano wa msomi mmoja aliyeiandika milima hii hii, kisha tutazame mwalimu anaweza kuchukua nini katika mfano huo.

Msomi huyo ni marehemu Profesa Isaria Kimambo, Mpare, aliyefundisha historia kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960 alikuwa akitafuta shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na somo alilolichagua lilikuwa historia ya watu wa kwao kabla ya ukoloni. Historia hiyo kwa sehemu kubwa haikuwamo katika maktaba. Ilikuwa vinywani mwa wazee wa koo. Basi ilimpasa kuwaendea wazee hao na kuuliza: habari za Washana, wahunzi wa Ugweno waliotawala hapo kale, habari za Wasuya waliowanyang'anya utawala, habari za koo zilizohamia milimani na njia walizopitia. Mzee wa ukoo mmoja husimulia yale yanayoupa sifa ukoo wake, kwa hiyo kila simulizi ilipasa kuwekwa kando ya nyingine na kupimwa. Vizazi vilihesabiwa ili miaka ipate kukadiriwa.

Tasnifu ilikamilika mwaka 1967. Lakini tasnifu si kitabu. Miaka 2 baadaye, mwaka 1969, shirika la East African Publishing House la Nairobi lilitoa kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare, tangu karibu mwaka 1500 hadi 1900. Mwaka huo huo likatoka pia buku la historia ya Tanzania alilolihariri pamoja na Arnold Temu.

Lililo muhimu zaidi kwetu walimu ni lile lililofuata. Mwaka 1971 Profesa Kimambo alitoa kijitabu juu ya Mbiru. Wenyeji wa Same hawahitaji kuelezwa sana. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta Upareni kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Watu waliona makadirio hayo hayana haki, wakaikataa. Mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani wakaja kukaa Same, penye boma la mkuu wa wilaya, wakidai iondolewe. Na mwishowe ikaondolewa.

Mtu angedhani kwamba jambo likishapigwa chapa limekwisha. Sivyo alivyofanya Profesa Kimambo. Mwaka 1991, miaka 20 baada ya kijitabu kile, alitoa kitabu kingine juu ya Upare, kinachoanzia mwaka 1860 na kuishia 1960, na humo Mbiru imerudi. Safari hii swali lilikuwa jingine. Kitabu cha kwanza kilishughulika zaidi na watawala na jinsi tawala zao zilivyojengwa. Cha pili kinamtazama mkulima: biashara ya dunia ilipofika milimani, ilimfanyia nini, naye akaipinga vipi? Katika miaka ya 1970 wanahistoria wa Dar es Salaam walikuwa wamebishana sana juu ya historia inayowasahau wakulima na wafanyakazi. Msomi huyu hakung'ang'ania aliyokwisha kuyaandika. Aliirudia milima ile ile kwa swali lililo bora zaidi.

Sasa tujiulize: katika shule zetu, ni lini mwanafunzi hupewa nafasi ya kuirudia insha yake? Profesa huandika, huwapa wenzake wasome, hukosolewa, huandika upya, hupeleka kwa mchapishaji, hukosolewa tena. Mtoto wa miaka 12 tunamtaka aandike mara 1 tu, na iwe sawa. Tunamdai mtoto lile ambalo mabingwa hawaliwezi.

Hatulisemi hili kwa mbali. Sisi wenyewe tulipata kupeleka mswada wa kiongozi cha mwalimu kwa mchapishaji mmoja. Ulikaa kwake muda mrefu, kisha ukarudi na kurasa kadhaa za maoni ya msomaji tusiyemjua. Siku ya kwanza tulikasirika. Siku ya tatu tulifungua ukurasa aliosema kwamba haeleweki, tukausoma kwa sauti, na sisi wenyewe hatukuuelewa. Tangu siku hiyo tumesahihisha insha za wanachuo wetu kwa namna nyingine: kabla ya kuandika "kosa", tunaandika kwanza lile ambalo sisi kama wasomaji hatukulipata.

Liko jambo jingine katika mfano huu, nalo ni zito. Vitabu vile viwili vya Upare viliandikwa kwa Kiingereza. Hatumlaumu mwandishi. Lugha ya chuo kikuu ilikuwa Kiingereza, watahiniwa na wachapishaji waliitumia hiyo, na kwa njia hiyo dunia ilipata kujua kwamba Wapare wana historia. Lakini matokeo yake hatuwezi kuyafumbia macho. Wazee waliofungua vinywa vyao kule Ugweno na Usangi, wengi wao hawakuweza kukisoma kitabu kilichotokana na maneno yao. Na mtoto wa Same leo hawezi kusoma habari za Mbiru katika vitabu hivyo mpaka Kiingereza chake kiwe imara. Maarifa yaliteremka mlimani, yakasafiri hadi Nairobi na London, na njia ya kurudi ikawa nyembamba.

Hapa ndipo mwalimu wa shule ya msingi anapopata bahati ambayo profesa hakuipata. Lugha yake ya kufundishia ni Kiswahili, na mzee wa kijijini, hata kama nyumbani anasema Chasu, Kiswahili anakisikia. Mtoto anaweza kumwandikia mzee yule yule aliyemsimulia. Msomaji yupo, yuko umbali wa kupiga mbiu.

Tunapendekeza, basi, kwamba angalau mara 1 katika kila muhula insha ifanywe kwa majuma 4, kwa utaratibu ufuatao.

Juma la kwanza ni la kuuliza. Darasa lichague jambo moja la mahali pao: ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, lilichimbwa na nani, na zamu za maji hupangwaje, msaragambo uliitishwaje, wahunzi walifua nini, kilimo cha tangawizi kimebadili nini. Kila mtoto aulize watu 2, si mmoja, ili aone kwamba masimulizi hutofautiana.

Juma la pili ni la kuandika rasimu. Mwalimu asishike kalamu nyekundu. Watoto wabadilishane madaftari, na kila msomaji aandike maswali 2 chini ya kazi ya mwenzake: mahali asipoelewa, na jambo ambalo angependa kujua zaidi.

Juma la tatu ni la kuandika upya. Hapo ndipo tahajia, alama za uandishi na mpangilio wa aya hufundishwa, kwa kuwa sasa mtoto anaona vinafaa nini.

Juma la nne ni la kutoa. Karatasi zishonwe pamoja ziwe kijitabu, kiwekwe shuleni, na waliosimulia waalikwe kusomewa. Mzee akisema, "Hapo mmekosea, mfereji ule haukupita kule," basi darasa limepata mhariri, nalo halina budi kusahihisha.

Tunajua yatakayosemwa. Darasa lina watoto 80, madaftari ni haba, mtihani unakaribia. Hoja hizi ni za kweli. Lakini darasa kubwa ni sababu ya kuwafanya watoto wasomane wenyewe kwa wenyewe, maana mwalimu hawezi kuzisoma insha 80 kila juma kwa haki. Kijitabu kimoja cha kundi la watoto 5 kinahitaji karatasi chache kuliko insha 5 za ovyo. Na kuhusu mtihani, mtoto aliyezoea kujiuliza "msomaji wangu ataelewa?" hatapungukiwa siku atakapoandika kwa dakika 40.

Sharti moja haliepukiki: mwalimu naye aandike. Haimlazimu kutoa kitabu. Aandike kurasa 3 juu ya jambo lile lile alilowapa watoto, awasomee, akubali kuulizwa maswali. Mwalimu asiyeandika humfundisha mtoto kuandika kama asiyejua kuogelea anayefundisha akiwa kavu ukingoni.

Wazee waliozungumza na Profesa Kimambo katika miaka ya 1960 wengi wametutoka. Watoto waliobebwa mgongoni kuja Same mwaka 1945 sasa ni wazee wa zaidi ya miaka 80, na idadi yao inapungua kila mwaka. Wako katika vijiji vilivyo chini ya madirisha ya madarasa yetu, wakati ndani tunawataka wajukuu wao waandike juu ya safari ambayo hawajaifunga. Tuwatume wakaulize, waandike, waandike tena, kisha wawasomee.