Mbwa wa kwenda Ulaya ana cheti, wa kubaki Gongoni je?

Watu wengi wa Malindi na viunga vyake wanaohamia ng'ambo humkumbuka mbwa au paka wao siku za mwisho, tiketi ikiwa imekwisha kukatwa na nyumba imerudishwa kwa mwenyewe. Hapo ndipo mbio huanza. Daktari wa mifugo huombwa atoe cheti leo kwa leo, na akikataa huambiwa ana roho mbaya au anataka chai. Kwa maoni yangu, daktari huyo anastahili pongezi. Kazi anayotakiwa aimalize kwa siku mbili huchukua zaidi ya miezi minne, na miezi hiyo ina sababu yake.

Sababu yenyewe ni kichaa cha mbwa. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo wanyama wake huruhusiwa na Umoja wa Ulaya kuingia bila kupimwa damu. Kwa hivyo mbwa au paka anayetoka Gongoni kwenda Italia, nchi ambayo ina wenyeji wengi Malindi na ambayo imekuwa na kituo cha setilaiti pale Ngomeni tangu miaka ya 1960, hana budi kufuata hatua kwa mpangilio.

Kwanza, hutiwa chini ya ngozi ya shingo kidude cha kielektroniki, kidogo kama punje ya mchele, chenye nambari yake. Pili, huchanjwa akiwa na umri usiopungua wiki 12. Chanjo iliyotangulia kidude haihesabiwi. Tatu, zikipita siku zisizopungua 30 tangu achanjwe, hutolewa damu ambayo hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya kupima kama kinga imefika yuniti 0.5 kwa kila mililita. Nne, hungoja miezi 3 tangu siku ile damu ilipotolewa. Cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali huja mwisho kabisa, kwani hutumika kwa siku 10 tu hadi anapokaguliwa anakoingia.

Msomaji atauliza, kwa nini angoje miezi 3 ilhali damu imeonyesha kwamba kinga ipo? Jibu limo katika tabia ya ugonjwa wenyewe. Virusi vya kichaa huingia kwa mate kupitia jeraha, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Mbwa aliyeumwa kabla ya kuchanjwa anaweza kuonekana mzima kwa wiki nyingi, akala na kucheza kama kawaida. Kungoja huko ndiko kunakomfichua kabla hajavuka mpaka.

Uingereza, ambayo iliumaliza ugonjwa huu miongoni mwa wanyama wake mwaka 1922, ilikuwa kali zaidi. Hadi mwisho wa mwaka 2011, mbwa wa kutoka Kenya alifungiwa karantini huko kwa miezi 6. Siku hizi hupimwa damu na kungoja miezi 3 akiwa bado nyumbani kwake. Marekani nayo ilikaza masharti kuanzia Agosti 1, 2024. Mbwa anayeingia huko lazima awe ametimiza miezi 6 na awe na kidude chenye nambari, na Kenya imo katika orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa. Masharti hubadilika, hivyo ni vyema kuuliza ubalozi kabla ya kulipa chochote.

Ushauri wangu kwa mwenye nia ya kusafiri ni aanze sasa, hata kama hajui atasafiri lini. Kwa Ulaya, kipimo cha damu kilichofaulu hakirudiwi iwapo chanjo zinazofuata hazikucheleweshwa hata siku moja. Mzoeze mnyama kulala katika kizimba chake wiki kadhaa kabla ya safari. Kizimba kiwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala, na chombo cha maji. Usimpe dawa ya usingizi kwa akili yako mwenyewe, kwani inaweza kumzuia kupumua vyema angani. Mbwa na paka wenye pua fupi huhitaji uangalifu zaidi, hasa katika joto letu la Pwani.

Hata hivyo, linalonikera ni jambo jingine. Mbwa huyu mmoja anayeondoka amechanjwa, amepimwa, ana nambari na cheti. Wenzake wanaobaki wakizurura majaani na kandokando ya barabara ya kuelekea Garsen, nani amewachanja? Tunawalinda watoto wa Roma na Milano kuliko tunavyowalinda watoto wa Gongoni wanaokwenda shule alfajiri.

Yupo atakayesema kuwa hospitali zetu zina shida za kutosha, na mbwa asubiri. Hoja hiyo haina uzito. Karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa. Dalili zikishaonekana, mgonjwa karibu kila mara hufa. Aliyeumwa anahitaji sindano kadhaa kwa siku mbalimbali, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi hospitalini, ilhali mbwa huchanjwa kwa sindano moja tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mwaka 2014, Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Muda unayoyoma. Serikali ya Kaunti ya Kilifi inafaa kutenga siku za chanjo ya bure kila mwaka, kijiji kwa kijiji, kuanzia Magarini ambako madaktari wa mifugo wako mbali. Wenye mbwa nao wasingoje kusukumwa. Na paka tunayemlaza jamvini achanjwe pia, kwani kichaa humpata na yeye.

Kabla ya hayo kutimia, kila nyumba ijue la kufanya mtu akiumwa. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa anajulikana. Asipakwe pilipili wala majani, na asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Mataifa ya nje yamekataa kupokea mbwa wetu asiyechanjwa, na yana haki. Sisi tunaoishi naye ndio tungekuwa wa kwanza kumkataa.