Unalipia Chaneli za Bure, Kwani Uko Sawa?

Buda, una TV mpya kwenye keja na bado kila mwezi unatumia kampuni ya dikoda pesa ili uone taarifa ya saa moja? Hebu soma kibandiko cha nyuma ya hiyo TV. Ukiona DVB-T2, dikoda iko ndani tayari. Nunua antena ya UHF, basi.

Februari 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa, Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani karibu wiki tatu. Watu walikimbilia dikoda yoyote iliyokuwa dukani, na tabia ya kulipa ikabaki hadi leo.

Chaneli zikipotea, usiite fundi kwanza. Ingia kwenye menyu, iambie TV itafute chaneli upya, ungoje. Analogi ilikuonyesha hata picha mbovu; digitali inashika safi ama inakwama vipande vipande, kisha giza. Kwa hivyo antena ya kuweka juu ya kabati, ndani ya kuta za mawe, mara nyingi ni bure kabisa. Ipandishe paani, ielekeze mnarani, utafute tena.

Na landilodi anayekataza antena paani? Huyo anakutoza kodi mara mbili, na ploti nzima inanyamaza.