Kugeuza shavu si kunyamaza



Kuna andiko ambalo tumelitumia vibaya makanisani kwa muda mrefu, nalo ni Mathayo 5:39, pale Bwana Yesu anapofundisha juu ya kugeuza shavu la pili. Mama akija kwa mchungaji na jicho lililovimba, anapewa andiko hilo. Kibarua akidhulumiwa ujira na muumini mwenzake anayekaa viti vya mbele, anapewa andiko hilo, anaombewa, kisha anasindikizwa hadi getini. Nakiri kwamba mimi pia niliwahi kumpa mtu andiko hilo kwa sababu tu saa ya chakula ilikuwa imefika na nilitaka aondoke.

Leo namkumbuka mchungaji mmoja wa Marekani aliyelishika andiko hilohilo, na mikononi mwake likawalemea waliopiga, si waliopigwa. Jina lake ni James Lawson. Sisi tumezoea kumtaja Martin Luther King, na ni haki yake. Lakini King mwenyewe, walipokutana mwaka 1957, ndiye aliyemsihi Lawson aende kusini mwa nchi hiyo haraka, asisubiri kumaliza masomo, kwa kuwa alijua jambo ambalo wengine walikuwa bado wanajifunza. Lawson alikuwa amekaa jela zaidi ya mwaka mmoja kwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Korea. Kisha alikwenda India kama mmisionari wa Kimethodisti, akafundisha katika chuo mjini Nagpur na kuzichunguza njia za Gandhi.

Mwanzo wake ni wa zamani zaidi. Alikulia Ohio, mtoto wa mchungaji, na baba yake huyo mchungaji alikuwa akitembea na bastola. Siku moja mtoto wa Kizungu alimtukana kwa sababu ya rangi yake, akamzaba kofi. Alipofika nyumbani na kusimulia, mama yake alikuwa jikoni. Hakugeuka. Alimuuliza tu kofi hilo lilikuwa limesaidia nini. Lawson alilisimulia swali hilo hadi uzeeni.

Mwaka 1958 alihamia Nashville, Tennessee, akajiunga na Chuo Kikuu cha Vanderbilt kusoma theolojia. Katika maduka makubwa ya mji ule mtu mweusi aliruhusiwa kununua shati, sufuria au madaftari ya mtoto. Pesa yake ilipokewa. Lakini ndani ya duka hilohilo kulikuwa na kaunta ya chakula, na hapo hakuruhusiwa kuketi hata anywe kahawa.

Lawson hakuanza kwa kuitisha maandamano. Alianza darasa, katika chumba cha chini cha kanisa la Kimethodisti la Clark Memorial. Waliokuja wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo vya watu weusi: Diane Nash, John Lewis, Bernard Lafayette na wenzao. Walisoma Mahubiri ya Mlimani, kisha wakapanga viti mithili ya kaunta na kufanya mazoezi. Baadhi walijifanya Wazungu wenye hasira. Waliwatukana wenzao, wakawavuta nywele, wakawapulizia moshi wa sigara usoni, wakawasukuma hadi chini. Aliyesukumwa alijifunza kukinga kichwa na kuinuka bila kukunja ngumi. Walirudia hivyo kwa miezi. Mwishoni mwa 1959 walikwenda kujaribu katika maduka mawili: wakaketi, wakakataliwa, wakazungumza kwa adabu na wasimamizi, wakaondoka.

Hapa ndipo ninapoona uongozi wenyewe, na ndipo ninapoona aibu yetu. Sisi huwaambia watu wavumilie, halafu tunawaacha peke yao na uvumilivu wao. Mwimbaji wa kwaya hafundishwi wimbo siku ya Pasaka asubuhi. Anafanya mazoezi majuma mengi. Kumbe kupokea kofi bila kurudisha na bila kuondoka kwenye kiti tunadhani mtu atakuweza papo hapo, bila mwalimu.

Tarehe 13 Februari 1960 wanafunzi zaidi ya 100 waliingia madukani, wakanunua vitu vidogo, wakaketi kwenye kaunta na kufungua vitabu. Tarehe 27 vijana wa Kizungu waliwavamia. Waliwapiga na kuwaburuta kutoka vitini. Polisi walipofika waliwakamata waliopigwa. Viti vilipobaki wazi, kundi jingine likaja kuketi, nalo likakamatwa, na jingine likafuata. Mahakamani walitozwa faini ya dola 50 kila mmoja. Nash na wengi wa wenzake walikataa kulipa, wakachagua kifungo.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilimfukuza Lawson mwezi Machi. Baadhi ya walimu wake wa theolojia waliandika barua za kujiuzulu.

Wapo watakaosema kwamba njia hii hufaa tu pale ambapo mkandamizaji ana haya. Ni hoja nzito, na sipendi kuipita kana kwamba haipo. Lakini Nashville hawakuitegemea haya peke yake. Familia za watu weusi ziliacha kununua katika maduka ya katikati ya mji, na Pasaka ilikuwa inakaribia, majira ambayo kila mama huwatafutia watoto nguo mpya za kanisani. Wenye maduka walianza kuhesabu hasara. Kugeuza shavu hakukuwazuia watu wale kufunga pochi.

Alfajiri ya tarehe 19 Aprili nyumba ya Z. Alexander Looby, wakili aliyewatetea wanafunzi, ililipuliwa kwa baruti. Yeye na mkewe walinusurika. Siku hiyohiyo maelfu ya watu walitembea kimya hadi kwenye ofisi za mji. Fikiria hasira iliyokuwamo ndani ya watu wale. Meya Ben West alitoka kuwapokea. Diane Nash, binti wa miaka 21, alimuuliza mbele ya wote iwapo ni haki kumbagua mtu kwa sababu ya rangi yake tu. Meya alijibu kwamba si haki.

Soma sasa Yohana 18:22-23. Bwana wetu amesimama mbele ya kuhani mkuu, na mmoja wa walinzi anampiga kofi. Yule aliyefundisha juu ya shavu la pili harudishi kofi. Wala hanyamazi. Anamtaka mlinzi aonyeshe kosa liko wapi, na kama hakuna kosa, aseme kwa nini amempiga. Mlinzi hakuwa na jibu, nasi tunapohubiri juu ya uvumilivu mara nyingi tunaliruka swali hilo. Yule mama wa jicho lililovimba ana haki ya kuliuliza, tena aliulize mbele ya wazee wa kanisa na mumewe akiwapo.

Tarehe 10 Mei 1960 maduka sita ya Nashville yalifungua kaunta zao kwa watu wote. Lawson alirudi Vanderbilt mwaka 2006, safari hii kama mwalimu mgeni, na alifariki mwezi Juni 2024 akiwa na umri wa miaka 95. Wale vijana hawakuona kaunta sita kuwa ni mwisho. Mapema mwaka 1961 walikuwa wamepanga foleni nje ya majumba ya sinema ya mji uleule, wakiomba tiketi na kukataliwa, na kurudi tena mwisho wa foleni.