Faili haitamwambia fundi wa Emali anachomelea nini

Wadau, kila nikizungumza na wapenda teknolojia kuhusu printa za 3D za metali, maongezi huishia kwenye bei. Nani ataileta, kaunti au chuo, na kwa milioni ngapi? Mimi nina swali jingine: kipuri kilichochapishwa kikipasuka Emali au Mwingi, nani atakichomelea, na atajuaje ni kitu gani?

Nauliza kwa sababu Ukambani kipuri hakitupwi ovyo. Makueni au Kitui, mfuniko wa injini ya bodaboda ukipasuka unapelekwa kwa fundi wa jua kali. Chuma hakimsumbui. Aluminiamu ndiyo yenye maringo: yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660 hivi, lakini ngozi ya oksidi iliyo juu yake hungoja zaidi ya nyuzi 2,000. Ndiyo maana fundi wa TIG hutumia umeme wa AC, unaoibandua ngozi hiyo kwa nusu ya kila mzunguko, huku gesi ya agoni ikifukuza hewa.

Hayo ni ya aluminiamu ya kawaida. Ya kuchapishwa ni mnyama mwingine. Aloi inayotumika sana, AlSi10Mg, ina silikoni asilimia 10 hivi na magnesi kidogo, nayo huanza ikiwa unga. Leza huuyeyusha tabaka kwa tabaka, na kila doa hupoa upesi mno. Unga ukipata unyevu, haidrojeni hubaki imejificha ndani ya kipuri. Sasa, aluminiamu iliyoyeyuka hubeba haidrojeni karibu mara 20 kuliko iliyoganda. Fundi akichomelea, mshono unapoganda gesi hiyo hukosa pa kwenda na kuacha vitundu. Juu mshono unang'aa, ndani ni kama mkate. Tena ule upoaji wa haraka ndio uliokipa kipuri nguvu, na moto wa kuchomelea huilegeza sehemu iliyo kando ya mshono.

Dawa ipo. Mwaka 1991 taasisi ya TWI ya Uingereza ilibuni njia ya kuunganisha kwa msuguano, ambapo metali hulainika bila kuyeyuka, hivyo vitundu hupungua sana. Lakini inataka mashine nzito na vibano imara. Huwezi kuisimika chini ya mwembe pale Wote.

Sasa nije kwenye fani yangu. Wengi bado hutuma michoro kwa STL, umbizo la miaka ya 1980. Ndani yake kuna pembetatu tu! Haisemi hata kama 10 ni milimita au inchi, sembuse aina ya aloi. 3MF, iliyotoka mwaka 2015, ina nafasi ya vipimo na maelezo ya malighafi. Vizuri, ila fundi hapewi faili, anapewa kipuri kilichojaa grisi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: yeyote atakayechapisha vipuri vya metali achape namba juu ya kila kimoja (printa inaweza kuichapa pamoja na kipuri), na namba hiyo ijibiwe kwa SMS kwenye simu ya kawaida. Aloi gani, kimepitishwa kwenye tanuri au la, waya gani wa kujazia, 4043 au 4047. Hiyo ni hifadhidata ndogo sana, mwanafunzi wa programu anaiandika likizo moja.

Mtaniambia, si wachapishe kingine? Sawa, kama mwenye shamba la nyanya Kibwezi anaweza kuiacha pampu imelala huku jua likiwaka, akingoja kifurushi. Hawezi, atakwenda kwa fundi jioni hiyo hiyo. Na kama kipuri ni cha breki au usukani, jibu la SMS liwe neno moja: USICHOMELEE.