Viazi viwili kwenye benchi la mawakala
KUTOKA KARAMBI, na Bwambale Muhindo

Kituo nilichopigia kura mara ya mwisho kiko chini ya mwembe, kwenye uwanja wa shule. Mawakala wawili wa wagombea urais walikaa kwenye benchi la wanafunzi. Mmoja aliletewa chai na chapati saa nne, na mchana akaletewa chakula. Mwenzake alikuja na viazi vitamu viwili vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Wagombea urais wengine wote hawakuwa na mtu pale. Saa kumi upigaji kura ulifungwa, kura zikahesabiwa mbele yetu, na fomu ya matokeo ikasainiwa na mawakala hao wawili tu.

Mama mmoja muuza samaki sokoni Mpondwe aliniuliza kwa nini kodi yake imlipie mwanasiasa mafuta ya kampeni wakati zahanati haina dawa. Siku ile sikuwa na jibu. Leo namwambia: mama, angalia lile benchi.

Anayetaka urais Uganda hulipa shilingi milioni 20 kabla hajahutubia popote. Zilikuwa milioni 8 mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2015. Akusanye pia sahihi za wapiga kura 100 katika kila moja ya angalau thuluthi mbili za wilaya zote nchini. Rais aliye madarakani yeye anaruhusiwa kuendelea kutumia vyombo vya serikali vinavyoambatana na kiti chake. Kwa hiyo kodi ya mama tayari inalipia kampeni, ila ya mtu mmoja. Mpinzani akiishiwa mafuta, anahutubia Kasese mjini na kugeuza gari. Mkulima wa kahawa huku milimani hamwoni.

Tangu 2010 sheria ya vyama inasema wakati wa uchaguzi serikali ivigawie fedha kwa usawa vyama vyenye wabunge. Kifungu kizuri, lakini mgombea huru hayumo. Halafu mwaka 2025 Bunge likaongeza sharti kwamba chama kisichojiunga na IPOD, jukwaa la mashauriano ya vyama, kisipate kitu, huku likijua kwamba NUP, chama kikuu cha upinzani, hakimo. Hilo ni kosa, na lifutwe.

Fedha peke yake haitoshi bila kikomo cha matumizi. Marekani ina mfuko wa serikali wa kulipia kampeni za urais tangu 1976, lakini mwaka 2008 Obama aliukataa kwa sababu angeweza kuchangisha zaidi. Tanzania waliweka kikomo kwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Nasi tuweke.

Mimi ningeanza na mawakala: posho ileile kwa kila wakala wa kila mgombea urais, wa chama au huru, itumwe moja kwa moja kwenye simu yake.

Yule wa viazi alikaa mpaka kura ya mwisho ikahesabiwa. Akakunja nakala yake ya fomu, akaitia ndani ya shati, akaanza kupanda mlima kwa miguu. Giza lilikuwa limeshaingia.